Steringi Hafi

Sheria ya kwanza ya sinema uswahilini haikutungwa na Bodi ya Ukaguzi wa Filamu. Ilitungwa na watoto waliokaa chini, mbele kabisa ya skrini, nayo ina maneno mawili tu: steringi hafi. Adui atakufa, na vibaraka wake wote watatangulia. Rafiki wa steringi naye atakufa, tena mapema, ili steringi apate hasira ya kumalizia picha. Yeye mwenyewe atapigwa risasi ya bega, atafunga kitambaa, ataendelea. Aliyelipa kiingilio aliijua haki yake.

Ndiyo maana Titanic ilileta mtafaruku. Filamu hiyo ya James Cameron ilitoka Marekani Desemba 1997, na haikuchukua muda mrefu kabla mitaa ya Dar es Salaam haijajua kwamba Jack anafia majini huku Rose amelala juu ya ubao. Cameron ameulizwa habari za ubao ule kwa zaidi ya miaka 20. Amejibu kwamba hadithi yenyewe ilidai kifo, watu hawakuridhika. Amejibu kwa hesabu za uzito na maji. Nao wakaleta hesabu zao. Mwaka 2023 alionyesha kwenye televisheni majaribio ya watu wawili ndani ya maji ya baridi, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba nafasi ilikuwepo.

Dar haikumsubiri Cameron. Huku alikuwepo King Rich, aliyeirekodi Titanic upya kwa Kiswahili, sauti yake ikipita juu ya sauti za waigizaji. Alikuwepo pia mchoraji Joshua Amandus Mtani, aliyeichora hadithi ile kuwa kitabu cha katuni, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Mtu wa Dar alipotaka kujua kwa nini steringi amekufa, hakumuuliza aliyeitunga filamu. Alikwenda kwa aliyeisimulia.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa historia ninayotaka kuisimulia, na sehemu yake kubwa inapita Kariakoo, kwenye mitaa inayokatiza Msimbazi. Kwa miaka mingi aliyetunga picha na aliyeieleza walikuwa watu wawili mbalimbali, na umma ulimpenda zaidi huyu wa pili. Ugomvi ulianza siku mtunzi alipokuja mwenyewe kujieleza.

Maelezo yalikuja pamoja na mashine. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walianzisha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Picha zilikwenda upande wake na sauti upande wake: maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, yakachezwa wakati picha inaendelea. Gari liliizungusha shehena hiyo Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi, kijiji baada ya kijiji, likifundisha habari za kodi, za minyoo, za kuweka akiba kwenye benki ya posta. Baadaye William Sellers, aliyekuwa kigogo wa filamu za serikali katika makoloni, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha ya polepole, isiyorukaruka, yenye jambo moja kwa wakati. Mtu anayedhaniwa hawezi kuelewa huelezwa kila kitu, na huchoka upesi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili hapa hapa Tanganyika kwa mpango wa serikali ya kikoloni. Moja iliitwa Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952. Nyingine ni Chalo Amerudi na Meli Inakwenda. Mwigizaji mkuu alikuwa mfanyakazi kijana wa idara ya ustawi wa jamii, ambaye pia alizunguka na gari la sinema kuonyesha na kueleza picha. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Sijui nchi nyingine ambayo steringi wake wa kwanza alipanda cheo namna hiyo, na nikitazama jinsi baadhi ya wanasiasa wanavyojieleza majukwaani, naona hasara ya kutokupita kwanza kwenye gari la sinema. Jina la filamu nalo halikufa: nusu karne baadaye mwigizaji Abdallah Mkumbila aliingia kwenye majumba ya watu kupitia televisheni akiitwa Muhogo Mchungu.

Miaka ya majumba makubwa ya sinema, Avalon, Empire, Empress, Odeon, naipita haraka, kwa kuwa wengine wameiandika vizuri. Raj Kapoor aliimba, Bruce Lee akapiga, Django akaburuta jeneza. Lugha ilikuwa Kihindi, Kiingereza, Kiitaliano kilichogeuzwa Kiingereza. Mtazamaji wa viti vya bei ya chini aliokota hadithi kwa macho, na palipokuwa na shimo jirani yake alilifukia. Kila ukumbi ulikuwa na mtu aliyekwishaiona picha mara tatu na hakuweza kunyamaza. Watu walimfokea, halafu wakamsikiliza.

Televisheni Zanzibar ilikuwepo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Katikati ya subira hiyo, biashara ilipolegezwa wakati wa urais wa Mzee Mwinyi, ziliingia deki na mikanda, na pamoja nazo vibanda vya video. Mjini wakaviita vibanda umiza, na aliyewahi kukaa kwenye benchi la ubao, amebanwa na watu sitini chini ya bati saa nane mchana, haulizi jina limetoka wapi. Televisheni moja, deki moja, pazia la gunia. Na mlangoni ubao wa chaki wenye majina ya picha za leo.

Ndani ya vibanda hivyo ndimo alimopata ufalme wake Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Alisimulia filamu za Kimarekani, za Kihindi, za Kichina, sauti moja ikibeba wahusika wote: steringi, adui, mama mkwe na mbwa. Hakutafsiri neno kwa neno. Alimtambulisha mhusika kabla hajajitambulisha. Alikwambia huyu mwenye koti ni msaliti, mtazame, utaniambia. Pale mtunzi alipoacha kimya ili mtazamaji afikiri, Lufufu alikijaza. Krings, msomi wa Kijerumani aliyeifanyia utafiti kazi hii, aliipa makala yake jina linalosema ni kuugeuza wali kuwa pilau. Mchele unabaki ni wa mwenyewe. Viungo ni vya mpishi, na sifa ya chakula inakwenda kwa mpishi.

Wajapani waliyaona haya mapema. Wakati wa filamu zisizo na sauti, kando ya skrini zao alisimama msimulizi aliyeitwa benshi, naye aliwaigizia sauti wahusika wote. Watu walichagua ukumbi kwa kumfuata benshi wanayempenda kuliko mwigizaji. Kaka yake muongozaji Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Filamu za sauti zilipoingia, mabenshi waligoma, wakashindwa. Heigo alijiua mwaka 1933. Nchi iliyokuja kutupa katuni za Naruto ilianza kwa kumsikiliza mtu anayezungumza juu ya picha, kama sisi. Tofauti ni kwamba kwao sauti ilimfukuza msimulizi, na kwetu filamu zenye sauti ndizo zilizompa kazi, kwa sababu sauti yenyewe ilikuwa ya lugha ya watu wengine.

Lufufu alikuwa na bahati moja ambayo hakuna mtunzi aliyewahi kuipata. Picha ikiwa mbovu, lawama haikumfikia. Angeweza hata kuicheka pamoja na watazamaji, kwa sauti, ndani ya picha yenyewe. Alikuwa upande wa benchi.

Kisha Waswahili wakaanza kutengeneza filamu zao. ITV ilileta michezo ya kuigiza ya vikundi kama Kaole, na mitaa ikawa na mastaa wa nyumbani. Mwaka 2003 George Tyson alitoa Girlfriend, akiwa na TID na Monalisa, filamu ya vijana na muziki wa kizazi kipya; Mussa Banzi akatoa Nsyuka, ya kutisha. Baada ya hapo mlango ulivunjika. Kamera za bei nafuu, waigizaji wa Kaole waliokuwa tayari wana majina, na soko moja: Kariakoo.

Lazima soko hilo lieleweke, maana hadithi nyingi zilipata umbo lake pale na si kwenye kalamu ya mwandishi. Mtayarishaji alipiga picha kwa fedha zake au za kukopa, akahariri, akaipeleka kanda mama kwa msambazaji. Mara nyingi msambazaji aliinunua moja kwa moja, kwa bei moja, pamoja na haki zake. Akachapa kava, akadurufu diski, akazimwaga kwenye maduka ya jumla, na wamachinga wakazitandaza barabarani. Fedha ilionekana siku ya kukabidhi kanda, kisha basi. Hata filamu ikiuza diski laki moja, mtunzi hakuongezewa kitu. Kwa hiyo alianza nyingine wiki inayofuata.

Diski iliyotumika mwanzoni ilikuwa VCD, nayo hubeba takriban dakika 74 hadi 80. Filamu ya saa mbili haiingii. Hivyo ikakatwa vipande viwili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kama walivyofanya Wanaijeria ambao mikanda yao ilikwishajaa mjini. Lakini kukata kulikuwa na faida ya pili, kubwa kuliko ya kwanza: mnunuzi analipa mara mbili. DVD ilipokuja, yenye nafasi ya kutosha filamu nzima na matangazo juu, vipande viwili havikuondoka. Sasa hata hadithi ya saa moja na nusu ilinyooshwa ifike sehemu mbili. Gari linaingia getini. Mlinzi anafungua geti, taratibu. Gari linaegeshwa. Mlango unafunguliwa, kiatu kinakanyaga chini, kamera inapanda kutoka kiatu hadi miwani. Mhusika anapanda ngazi, zote. Anabisha hodi. Asiyejua hesabu za msambazaji aliona uvivu wa muongozaji. Anayezijua aliona dakika zinavyotafutwa.

Mashabiki waliuliza, kwenye magazeti ya burudani, redioni, na uso kwa uso, kwa sababu staa wa Bongo Movie alikuwa mtu unayeweza kukutana naye Sinza. Kwa nini sehemu mbili? Kwa nini kila tajiri anaishi nyumba ile ile? Kwa nini jina la Kiingereza juu ya hadithi ya Kiswahili, na maandishi ya chini yenye Kiingereza cha kuokoteza? Watunzi walijibu. Sehemu mbili ni matakwa ya msambazaji. Nyumba ni ya kuazima. Jina la Kiingereza ni kwa ajili ya soko la nje.

Majibu yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna lililosaidia. Aliyelipa shilingi zake hakutaka kusikia taabu za kiwanda; alitaka kusikia kwa nini mama wa kambo alibadilika ghafla akawa mwema. Alichoeleza mtunzi kilikuwa nje ya hadithi. Tena kilimweka mtunzi upande wa msambazaji, dhidi ya benchi.

Steven Kanumba ndiye aliyeubeba mzigo huu mbele ya wote. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akapita Kaole, akafika Nigeria, akamleta Ramsey Nouah kuigiza naye Devil Kingdom. Uncle JJ, Red Valentine, Young Billionaire: kava zake zilining'inia kila kona ya Kariakoo. Alikuwa anajua anachokifanya kwa kile Kiingereza chake. Alitaka filamu ya Tanzania isomeke Lagos na Accra. Lakini alipoingia kama mgeni katika jumba la Big Brother Africa mwaka 2009, na Kiingereza chake kikayumba, Watanzania wenzake ndio waliomcheka kuliko wote. Alijitetea. Wakacheka utetezi. Halafu, Aprili 7, 2012, akafa akiwa na miaka 28, na mji ule ule ukasimama. Maelfu walijaa Leaders Club hadi watu wakazimia, na msafara wa kwenda makaburi ya Kinondoni ukawa wa aina inayowasubiri marais. Sioni mgongano kati ya kicheko na machozi hayo. Walimdai kwa sababu alikuwa wao.

Baada ya Kanumba soko lilianza kuteremka, ingawa sitasema lilianguka kwa kifo chake. Mwaka 2013 TRA, mamlaka ya mapato, ilileta stempu za kodi kwenye diski za filamu na muziki, ili halali itofautiane na feki. Feki haikuchelewa kupata njia. Zaidi ya hapo, diski yenyewe ilikuwa inaaga: kijana mwenye kompyuta alikujazia flashi kwa bei ya soda, na ndani ya flashi kulikuwa na Jumong wa Korea, Prison Break, na muvi zilizotafsiriwa na DJ Mack na DJ Murphy, warithi wa Lufufu. Ufundi wa kusimulia picha ya mtu mwingine ulikuwa umerudi kwa nguvu, safari hii ukishindana na mtunzi wa nyumbani kwenye meza moja ya machinga.

Ndipo ilipofika Aprili 2017. Waigizaji na watayarishaji wa Bongo Movie waliingia Kariakoo kwa maandamano, wakipinga uuzaji wa filamu za nje zisizo na vibali na zisizolipiwa kodi. Kwa sheria walikuwa na haki. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi. Diski ya Jumong barabarani ilizivuka zote mbili kwa hatua moja. Watunzi walikuwa wamekuja mtaani wenyewe kueleza kwa nini kazi zao haziuziki.

Mtaa ukajibu kwamba haziuziki kwa sababu ni mbaya. Majibu yalikuja usiku huo huo na siku zilizofuata, vijiweni, kwenye simu, kwenye daladala, na mengi yalikuwa na kejeli: tengenezeni kwanza kazi nzuri, punguzeni kupanda ngazi. Hata miongoni mwa wasanii wenyewe wapo waliosema waziwazi kwamba kumpangia mtu cha kutazama si kazi ya msanii. Waandamanaji waliumia, na naelewa. Mtu mwenye kanda moja aliyoiuza mara moja kwa bei ya hasara anaambiwa na mnunuzi wa feki kwamba hana ubora. Lakini walichagua mahali pagumu pa kujieleza. Huu ni mtaa wa klabu ya Simba, Wekundu wa Msimbazi wenyewe. Hapa kocha akifungwa akaanza kueleza habari za ratiba na uwanja mbovu, hasikilizwi hata na wanaomwamini. Aliyezoea kudai kwa kocha hashindwi kudai kwa muongozaji.

Kosa la maandamano, kwa maoni yangu, lilikuwa kumgeuza mtazamaji kuwa mshtakiwa. Lufufu hakuwahi kumwambia mtazamaji anunue kwa uzalendo. Alimwambia: kaa, nikueleze huyu ni nani.

Watunzi wengi hawakurudi tena kwenye diski. Walihamia kwenye ving'amuzi. Azam TV ilikuwa imeanza mwaka 2013, Maisha Magic Bongo ikafuata mwaka 2015, na badala ya filamu ya sehemu mbili ikaja tamthilia ya sehemu mia. Huba ikapata wafuasi wake. Lamata, Leah Mwendamseke, akaandika na kuongoza Kapuni na baadaye Jua Kali. Umbo hili limebadilisha kesi nzima. Kwenye diski hadithi ilikuwa imekwisha kabla malalamiko hayajaanza, na mtunzi alibaki na maneno ya gazetini tu. Kwenye tamthilia mtazamaji analalamika leo wakati hadithi bado inaendelea. Mhusika akiondoka bila sababu, watu wanauliza; na mwandishi mwenye akili hatoi maelezo, anampa mhusika mwingine barua, simu, au tetesi jikoni, na swali linajibiwa mle mle lilimozaliwa.

Wajapani wana kisa kinachofanana na hiki, na vijana wa Kariakoo wanaojaza anime kwenye flashi wengi wanakijua. Mwaka 1996 Hideaki Anno alimaliza katuni yake Evangelion kwa sehemu mbili za mwisho zilizoacha vita vyote hewani na kuingia kichwani mwa mhusika mkuu. Mashabiki walifura. Walimwandikia barua, nyingine za matusi, nyingine za kumtishia maisha. Anno angeweza kufanya kama Cameron, akajibu mwaka hadi mwaka. Badala yake mwaka 1997 alitoa filamu yenye mwisho mwingine, na katikati yake, kwa sekunde chache, akazipitisha zile barua kwenye skrini. Waliokuja ukumbini kudai jibu wakakuta miandiko ya wenzao imekuwa sehemu ya hadithi. Mkanda huo ungepitia kwa Lufufu, barua zote zingesomwa kwa sauti, na kila mwandishi wake angepewa jina.